Shajara ya mradi: kuwafuatilia waliopandikizwa ini, na ndugu waliowapa

3 Februari

Kliniki yetu ya ini hapa Dar es Salaam imepata kibali cha kuanzisha daftari moja la kuwafuatilia wagonjwa wanaorudi kutoka India baada ya kupandikizwa kipande cha ini la ndugu aliye hai. Mpaka sasa kila mgonjwa ana faili lake, na kila faili limejaa kwa namna yake: muhtasari wa hospitali ya Chennai au Delhi, majibu ya maabara tatu tofauti, picha za WhatsApp kutoka kwa mratibu wa kule, na orodha ya dawa iliyokatwakatwa kwa kalamu mpaka haisomeki. Daktari anayemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza humaliza nusu ya muda wake akitafuta jibu la swali moja tu: kipimo hiki kilianza kubadilika lini?

Swali hilo ndilo lililotuleta hapa. ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, ikiwa 70 peke yake haisemi lolote. Kwa aliyekuwa na 200 wiki iliyopita ni habari njema. Kwa aliyekaa kwenye 25 mwaka mzima, ni sababu ya kumpigia simu leo hii aje kesho asubuhi. Kwa hiyo daftari litakuwa na ukurasa mmoja mpana kwa kila mgonjwa, tarehe zikienda kulia, vipimo vikishuka chini: ALT na mwenzake AST, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo), ALP na GGT (vimeng'enya vinavyopanda nyongo ikikwama), kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, sukari, chembe za damu, kiwango cha dawa ya kushusha kinga. Mtu akiufungua auone mwendo wote kwa mara moja.

Tumeanza na karatasi. Programu ya kompyuta itafuata tukishajua tunataka kuandika nini.

10 Februari

Juma zima limekwenda kwenye mihtasari ya upasuaji. Wengi wetu tulikuwa tukiisoma aya ya mwisho tu, yenye dawa. Sasa tunasoma aya ya katikati, ile ya wapasuaji, maana humo ndimo mlimo na mambo yatakayomsumbua mgonjwa mwaka ujao.

Tunachokinakili ni hiki: kipande kimetoka upande gani wa ini la mchangiaji, kilikuwa na gramu ngapi, na mgonjwa alikuwa na kilo ngapi siku ile. Wapasuaji wengi hutaka kipande kisipungue asilimia 0.8 ya uzito wa anayepokea. Kikiwa kidogo mno, damu ya mshipa wa tumbo hukielemea na hakifanyi kazi ipasavyo. Halafu mirija ya nyongo: ilikuwa mmoja, miwili au mitatu, na iliungwa na nini? Ini la mtu aliye hai hukatwa pale mirija inapoanza kugawanyika, kwa hiyo mara nyingi mpasuaji hujikuta ana vijirija viwili vyembamba vya kuunga mahali pa mmoja mnene. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa upasuaji huu ulipo.

Na kama mirija iliungwa na utumbo badala ya mrija wa mgonjwa mwenyewe, lazima iandikwe kwa wino mwekundu juu ya ukurasa. Siku mrija ukiziba, kamera inayopitia mdomoni haitaufikia kirahisi, na atakayempeleka mgonjwa kwenye kipimo hicho bila kujua atakuwa amempotezea siku na fedha.

Mihtasari miwili haikutaja idadi ya mirija. Tumewaandikia waratibu wa India, wamejibu siku ileile.

19 Februari

Safu ya saa imeongezwa, na kwa maoni yangu ndiyo safu muhimu kuliko zote kwenye daftari hili.

Takrolimasi, ile dawa ya kushusha kinga, ni dawa yenye uwanja mwembamba. Ikizidi, mikono hutetemeka, kichwa huuma, figo huanza kuchoka, potasiamu na sukari hupanda. Ikipungua, kinga ya mwili huamka na kulishambulia ini ambalo haikuzaliwa nalo. Miezi ya mwanzo madaktari wengi hulenga nanogramu 8 hadi 10 kwa mililita ya damu, baadaye 5 hadi 8, na kadiri miaka inavyokwenda hata chini ya hapo, kutegemea mgonjwa. Namba hizo zote ni za damu iliyotolewa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, yaani takriban saa kumi na mbili baada ya dozi iliyopita. Damu ikitolewa dawa ikiwa bado inapanda, maabara itatoa namba sahihi kabisa ambayo itampotosha daktari.

Mgonjwa wetu mmoja, mzee mpole anayetunza dawa zake kwenye kikopo cha biskuti zikiwa zimepangwa kama shanga, alikuwa akitoa majibu ya juu ya 15 kila akipima hapa, ilhali hatetemeki, kreatinini yake haisogei, na kule Chennai aliondoka na 8. Palikuwa na pendekezo la kumpunguzia dozi. Muuguzi wetu wa zamu akamkalisha, akamwomba amwoneshe kwa vidole kwenye saa ya ukutani muda anaomeza.

"Shikamoo baba. Hebu nioneshe, dawa ya asubuhi unameza mshale ukiwa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hapa. Kumi alfajiri. Na kumi jioni. Wameniandikia kumi na kumi."

Karatasi ya Chennai kweli iliandika 10 na 10, kwa maana ya saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mzee alikuwa akiamka kabla ya adhana, anameza, anarudi kulala, kisha anakuja maabara saa mbili. Akiulizwa kama amemeza dawa tangu afike, anasema hapana, na ndivyo ilivyokuwa. Damu yake ilikuwa ikitolewa saa nne tu baada ya dozi. Tungempunguzia dawa, pengine mwezi ujao tungekuwa tunatibu ini linalokataliwa na mwili.

Sasa fomu ya maabara ina mistari miwili isiyoachwa wazi: dawa ya mwisho imemezwa saa ngapi, damu imetolewa saa ngapi. Pembeni tumechora saa ya mviringo ili mgonjwa aweke alama mwenyewe. Jibu lisilo na saa haliingii daftarini mpaka mtu apige simu na kuuliza.

24 Februari

Mambo mawili ya maabara, kwa kifupi. Kipimo cha takrolimasi kinataka damu nzima, kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, kwa sababu dawa hii hukaa zaidi ndani ya chembe nyekundu. Pia jina la maabara liandikwe kila mara. Mashine zinazotumia kingamwili husoma juu kidogo kuliko zile za kupima uzito wa molekuli, kwa hiyo mgonjwa aliyehama maabara anaweza kuonekana amepanda kumbe ametulia palepale.

Vivyo hivyo kwa aliyebadilishiwa kampuni ya dawa duka likiishiwa: apimwe upya wiki inayofuata. Na kidonge cha mara moja kwa siku kisichukuliwe badala ya kile cha mara mbili kwa kuwa tu miligramu zinafanana.

2 Machi

Ramadhani. Wagonjwa kadhaa wameuliza kama wanaweza kufunga, na nafurahi kwamba wameuliza kabla ya kuanza.

Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mfungo ni kama saa kumi na tatu na nusu kutoka alfajiri hadi magharibi. Anayemeza dawa wakati wa daku na wakati wa kufuturu anakuwa na pengo moja refu na moja fupi, na juu yake kuna kiu ya joto hili la Machi ambayo figo zilizokwisha kubanwa na takrolimasi hazitaifurahia. Walio ndani ya mwaka wa kwanza tumewaambia wazi wasifunge. Waliokaa muda mrefu wakiwa imara tunazungumza nao mmoja mmoja pamoja na timu iliyowapandikiza, kreatinini mezani, na damu ya katikati ya mwezi. Sheikh wa msikiti wa jirani amekubali kukaa nasi kwenye kliniki ya Alhamisi awaeleze mwenyewe ruhusa ya mgonjwa. Neno lake lina uzito ambao letu halina, na linamwondolea mtu hisia kwamba anakwepa ibada.

27 Machi

Daftari limelipa gharama yake leo.

Mama mmoja, mwezi wa tisa tangu apandikizwe, amekuja kwa kliniki ya kawaida. Hana homa, macho meupe, bilirubini ndani ya mipaka. Kwa faili la zamani angeandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani. Kwenye ukurasa mpana, GGT na ALP zilikuwa zinapanda ngazi kwa ngazi tangu Desemba, kila mara kidogo, kila mara maabara ikiweka alama ndogo ya juu ambayo hakuna anayeistukia. ALT ilikuwa imelala. Mwendo wa namna hiyo kwa kawaida humaanisha nyongo inapita kwa shida, kabla ini lenyewe halijaumia.

Alipoulizwa kuhusu kujikuna, maana nyongo iliyokwama huwasha ngozi, alicheka, akasema ameshabadilisha sabuni mara nyingi. Viganja vyake vilikuwa na mikwaruzo.

Ultrasaundi ya dopla kwanza, ile inayoonesha damu ikipita, kuhakikisha ateri ya ini inapitisha damu, maana mirija ya nyongo inategemea ateri hiyo peke yake na ikiziba mirija hufa polepole. Ateri iko salama. Picha ya mirija kwa mashine ya sumaku imeonesha mbano pale palipoungwa. Kwenye muhtasari wake tulikuwa tumenakili: mrija mmoja, umeungwa na mrija wake mwenyewe. Kwa hiyo njia ya kamera kupitia mdomoni ipo, na atatanuliwa na kuwekewa bomba dogo la plastiki litakalobadilishwa kila baada ya miezi michache. Wengi hupona kwa njia hii bila kisu.

9 Aprili

Jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango wa mradi, na nadhani litaubadilisha.

Binti wa miaka ishirini na kitu humleta baba yake kila kliniki. Anabeba faili, anajua dozi zote kwa kichwa, ndiye anayetujibu tukimuuliza baba. Leo alipoinama kuokota mkoba akashika ubavu wa kulia, akabaki ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Muuguzi akamwita pembeni.

"Na wewe mdogo wangu, unaendeleaje?"

"Mimi mzima dada. Nimemleta baba tu."

Yeye ndiye aliyempa baba yake upande wa kulia wa ini lake. Kovu linashuka kutoka chini ya kifua, kisha linapinda kulia chini ya mbavu, na akikohoa pana uvimbe unaotokeza kwenye kona ya mpindo: ngiri ya kovu. Ana maumivu tangu Novemba. Mara ya mwisho kupimwa damu ilikuwa India, kabla ya kupanda ndege. Nyumbani hajasema, kwa sababu baba akijua atajilaumu.

Kwenye daftari letu jina lake lipo, kwenye mstari mmoja: "mchangiaji: binti". Baada ya hapo hakuna kitu.

Tumempima leo leo. Vimeng'enya vya ini sawa, bilirubini sawa, ultrasaundi imeonesha ini lililobaki limekua vizuri. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini kidogo, jambo linalojulikana kwa waliotoa upande wa kulia na linalotaka kuangaliwa tu. Ngiri ameandikiwa rufaa kwa mpasuaji. Alitaka kujua kama kipimo atakilipia yeye au baba.

22 Aprili

Kikao cha mradi. Hoja yangu ilikuwa kwamba daftari hili lifuatilie watu wawili kwa kila ini. Pingamizi lilikuwa la haki: mchangiaji si mgonjwa, aliingia akiwa mzima, na sisi tuna wauguzi wachache.

Nilijibu kwa historia. Upasuaji huu ulianza kwa watoto: São Paulo 1988, kisha Brisbane 1989, ambako mpasuaji Russell Strong alichukua kipande cha ini la mama na mwanawe akaishi. Chicago ikafuata mwaka huohuo. Mtoto anatosheka na kipande kidogo cha upande wa kushoto, na mzazi anabaki na sehemu kubwa ya ini lake. Watu wazima walipoanza kupeana, kushoto hakukutosha, na kuanzia Hong Kong mwaka 1996 upande wa kulia ukawa njia. Upande huo ni karibu asilimia 60 ya ini lote. Mpasuaji huhakikisha mchangiaji anabaki na angalau asilimia 30 hadi 35, ini linakua upya, na kwa miezi michache hurudi karibu na ukubwa wake. Lakini hatari ya kifo kwa mchangiaji, ingawa ndogo, ipo, na mara nyingi hutajwa kuwa kati ya mtu 1 kwa 1000 na 1 kwa 200, kubwa zaidi kwa upande wa kulia. Na zaidi ya kifo kuna nyongo inayovuja, ngiri, maumivu, uchovu, na miezi bila kipato.

Marekani vituo vinalazimika kutoa taarifa za mchangiaji aliye hai katika miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Wachangiaji wetu wanapasuliwa nchi moja na kuishi nyingine, na katikati ya nchi hizo mbili hakuna anayeuliza. Wengi hurudi kabla ya mpokeaji, yeye akibaki India karibu miezi mitatu. Wanatua uwanja wa ndege wakiwa na kovu la wiki chache, na siku inayofuata wanarudi dukani au shambani.

Faida moja tunayo: sheria ya India ya 1994 ya upandikizaji wa viungo inampa nafasi kwanza ndugu wa karibu au mwenzi, kwa hiyo mchangiaji na mpokeaji wetu aghalabu ni nyumba moja. Anayemleta mgonjwa mara nyingi ndiye huyohuyo. Hatuhitaji kumtafuta, tunahitaji kumgeukia.

Kikao kimekubali. Ukurasa wa pili, rangi ya kijani, kwa kila familia.

14 Mei

Kijana ameanza kukohoa, jasho la usiku, kilo zimepungua, na makohozi yamethibitisha kifua kikuu. Kwa mtu anayeshusha kinga kwa dawa hili lilikuwa la kutarajiwa siku moja. Tatizo ni rifampisini, nguzo ya tiba: huliamsha ini kuichoma takrolimasi haraka mno, na ndani ya siku chache kiwango kinaweza kuanguka mpaka ini likakosa ulinzi. Kliniki ya kifua kikuu ilitupigia kabla ya kumpa kidonge cha kwanza kwa sababu kijana alitoa kadi mfukoni.

Kadi hiyo ni zao la mradi huu, saizi ya kitambulisho: "NIMEPANDIKIZWA INI. Kabla ya kunipa dawa yoyote, piga namba hii." Nyuma yake ni orodha fupi. Zinazopandisha takrolimasi: erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli, juisi ya balungi. Zinazoishusha: rifampisini, karbamazepini, fenitoini. Zinazoumiza figo pamoja nayo: diklofenaki na ndugu zake wote, ambazo duka la dawa la mtaani humpa mtu kwa kusema tu mgongo unauma. Mstari wa mwisho: mizizi na mitishamba, hapana, hata ya nyumbani.

Tumekubaliana na timu ya India kutumia rifabutini badala yake, dawa ya jamii ileile isiyochoma takrolimasi kwa kiasi hicho. Isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, nayo ni kali kwa ini, kwa hiyo damu mara mbili kwa wiki mwanzoni. Mwenyewe anaumia zaidi kwa kutengwa na mpwa wake mdogo kuliko kwa sindano.

3 Juni

Chanjo. Ya homa ya manjano ni ya virusi hai, na kwa aliyepandikizwa hairuhusiwi. India inaidai kwa wasafiri kutoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na wagonjwa wetu hurudi India kwa uchunguzi. Kuna aliyefika kaunta ya chanjo akiwa tayari amekunja shati, kadi yake ndiyo iliyomzuia. Sasa kila mmoja anapewa barua ya kitabibu ya msamaha miezi miwili kabla ya safari, na walio kwenye orodha ya kwenda kupandikizwa wanachanjwa mapema, angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Kurasa zao zina nafasi ya kuandika tarehe hiyo.

19 Juni

Hali ilivyo: kurasa zote nyeupe zimekamilika hadi mwezi huu. Mama wa Machi ameacha kujikuna, GGT inashuka, bomba litabadilishwa Julai. Mzee amehamishiwa saa mbili na saa mbili kwa kusogeza dozi pole pole, na kiwango chake kimetulia kati ya 6 na 7 bila dozi kuguswa. Kijana makohozi yake yamesafika.

Kurasa za kijani ndizo zinazonipa kazi. Wachangiaji wanaokuja na wagonjwa wao wamepimwa wote, na mbali na yule binti tumekuta mmoja mwenye shinikizo la damu ambalo hakuna aliyewahi kulipima tangu arudi, na mwingine aliyeacha kazi ya kubeba mizigo bandarini bila kumweleza mtu sababu. Wale wasiokuja, ama kwa umbali ama kwa kuwa mpokeaji wao amefariki, bado. Kwa hao wa mwisho hasa sitaki simu ipigwe na mtu asiyewafahamu. Ataipiga muuguzi aliyewauguzia ndugu yao, na swali la kwanza litakuwa juu yao wenyewe.

Binti amefanyiwa upasuaji wa ngiri wiki iliyopita. Baba yake ndiye aliyemsindikiza, akiwa amebeba faili.

Barua kwa waratibu wa Chennai na Delhi imekamilika: inaomba watuarifu siku mchangiaji anapokata tiketi ya kurudi, si siku mpokeaji anaporudi, na waambatanishe asilimia ya ini lililobaki na majibu yake ya mwisho ya damu. Inatumwa Jumatatu, pamoja na nakala tupu ya ukurasa wa kijani.